Ngazi Saba za Breindel

Breindel Lapidus amesimamia mikve yetu, bwawa la Wayahudi la kujitakasia, hapa Cleveland Heights, Marekani, miaka ishirini na sita. Kila mwanamke wa mtaa aliyeshuka zile ngazi saba kujitakasa majini, ni Breindel aliyesimama ukingoni kuhakikisha mwili wote umezama, hata unywele usibaki juu, ndipo atamke neno tunalolingoja: "Kosher," yaani imekubalika. Makovu yetu yote anayajua, na hajawahi kuyatangaza. Nampenda. Ila wivu anao, tena wa kutosha mtaa mzima.

Ulimpanda pale Ayelet, binti wa juzi tu, alipofungua mikve yake mitaa mitatu kutoka kwetu. Milango mipana, saa za mchana, na kiti cha kumteremsha majini asiyeweza kutembea. Mlangoni kaandika: karibuni nyote. Breindel akauliza kwani yeye aliandika wapi kwamba watu wasije. Kila tukikutana kwa muuza samaki alinikumbusha kwamba kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza.

Kilichomchoma hasa ni Mirel, mdogo wake wa tumbo moja, aliye kwenye kiti cha magurudumu tangu ajali, miaka kumi na moja sasa. Kabla ya Mwaka Mpya wetu alipiga simu kusema Alhamisi asubuhi anakwenda kwa Ayelet, na anataka dada yake ndiye asimame ukingoni. Breindel hakula siku ile. Kisha akakubali, kwa nia mbaya. Ndani ya gari langu aliniambia wazi kwamba anakwenda kutafuta kasoro, na akiipata mji mzima utaisikia.

Alipekua kila kona. Taulo zilikuwa laini kuliko zake, na hilo lilimuuma kweli. Ayelet akaingia majini, akalowesha mikono kabla ya kumshika Mirel, akalegeza vidole ili maji yapite, kama inavyotakiwa. Kiti kikashuka. Mirel akazama, akaibuka, sote tukamtazama Breindel.

"Bado," akasema. "Unywele umeelea. Rudia."

Hata mimi niliuona. Lakini nilimwona pia Breindel alivyong'aa uso: kasoro kaipata.

"Mama, amechoka," Ayelet akamsihi. "Hatuwezi kumhurumia?"

"Mwache," Mirel akasema, anacheka huku anatetemeka. "Dada, miaka kumi na moja unaniambia Mungu kanisamehe, nikae zangu nyumbani. Leo ndiyo mara ya kwanza unaniambia nirudie, kama wenzangu."

Akazama tena. Breindel alitamka "Kosher" kwa sauti ndogo, ikabidi alirudie.

Njiani hakutaja kasoro yoyote. Tulipofika kwake alikaa tu garini, mlango hafungui.

"Ngazi saba," akasema. "Tungeweza kumbeba."