Jina Nililoipa Wi-Fi ya Depo

Wiki vita ilipofika kwao Kivu, patron wetu Mama Kavira, mwenye depo, alishinda hapo karibu na mashine ya Wi-Fi, akingojea simu ya dada yake aliyekuwa njiani akikimbia. Mashine hiyo naitunza mimi, na siku hiyo nilijifanya injinia mkubwa.

“Mama, niache nichunge kopi ya configuration. Courant ya umeme ikikatika, tusipoteze kintu.”

“Ufanye, lakini usiikate.”

Badala ya kunakili mipangilio iliyokuwa ndani ya mashine, niliifunika kwa faili la zamani la kompyuta yangu. Mashine ikazimika, ikawaka, na simu zote, zetu na za wateja, zikapoteza rezo, yaani mtandao.

“Wi-Fi yetu haiko,” karani akasema. “Kuko moja tu, sijue ya nani.”

Mama Kavira akavaa miwani, akasoma polepole: “Patron Muchoyo.”

Jina hilo, lililorudi na faili la zamani, nililiweka mwenyewe, aliponinyima likizo, nikalibadilisha kesho yake kwa woga.

“Na mot de passe iko nini, Papa Ilunga?” akaniuliza. “Dada yangu anangoya.”

Ikabidi nilitaje neno hilo la siri mbele ya wateja wote: “Mamakavira.”