Mama Alivyokuwa Chifu

Mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili, nilikuwa nikifanya utafiti wa shahada ya pili kuhusu michezo ya kuigiza iliyotungwa na walimu wa magharibi mwa Kenya. Ofisi moja ya elimu mjini Kitale ilikuwa na stoo iliyojaa miswada ya zamani, na mwanamke aliyeitunza akaniruhusu kupekua kabati zote. Wiki ya kwanza nilipata vumbi na mafua.

Wiki ya pili nikafungua faili la mchezo wa kuchekesha, habari za chifu aliyemwogopa mkewe. Pembeni mwa kurasa mtu alikuwa ameandika kwa penseli: "Hapa ngoja, watacheka." "Anguka vizuri, jana uliumia goti." Nikacheka peke yangu. Kisha nikafika kwenye orodha ya waigizaji. Chifu alikuwa mama yangu, kwa jina lake la usichana.

Mama yangu, mwalimu mstaafu na mzee wa kanisa, ambaye hata harusini hukaa kama anayesimamia mtihani.

"Huyu ni mama yangu," nikamwambia mtunza stoo.

"Huyu chifu?"

"Huyo chifu."

Tukashikana mikono, tukacheka hadi askari wa mlangoni akaja kuuliza kama kuna shida.

Ukurasa wa mwisho haukuwepo. Jumamosi nikapeleka nakala nyumbani Bungoma. Mama alikuwa akichagua maharagwe. Akavaa miwani, akasoma.

"Hii umeitoa wapi?"

"Kitale. Lakini mwisho umepotea."

"Haujapotea," akasema.

Akasimama, akafunga leso kiunoni, akatoa tumbo mbele. Sauti iliyomtoka sikuwahi kuisikia: nzito, ya mtu aliyeshiba. Chifu akawafokea wanakijiji, akasikia mkewe anakuja, akaingia chini ya meza. Mama naye akaingia chini ya meza, na miaka yake sitini na minne.

Baba alikuwa amesimama mlangoni, jembe mkononi. "Ati miaka yote hii nimeoa chifu?"

"Si wewe hukuuliza," Mama akajibu kutoka chini.

Nilicheka hadi mbavu zikaniuma. Alirudia mara mbili ndipo nikaweza kuandika. Jumatatu ukurasa huo, wenye sahihi yake, ukaingia kwenye faili Kitale.

Siku chache baadaye Mama akanipigia simu, yeye ambaye hupiga kukiwa na msiba tu. Alitaka kujua kama stoo ile ingehitaji michezo mingine mitatu, maana anaikumbuka yote. Nikamwambia nakuja kesho. Nilisahau hata kumsalimu.