Haragwe Langu Moja

Hadi leo sielewi, na usinicheke. Mimi fundi viatu, akili ninazo, lakini yaliyompata Barzilai Pratt yamenishinda kabisa.

Barzilai alishuka melini hapa Massachusetts akiwa na miaka kumi na tisa na sanduku la randa na misumeno. Baridi ya kwanza ikamuua mkewe. Hakurudi Uingereza. Akatengeneza mapipa, akamwoa Silence, na sisi tukamkabidhi kijiji. Miaka kumi na minne alikuwa mkuu wetu. Nguruwe wameingia shamba la mtu? Muulize Barzilai. Mpaka umesogezwa? Utamkuta Barzilai na kamba yake, theluji hadi magotini, anapima. Kazi ile ilikuwa ndiyo pumzi yake. Silence alikuwa akituambia, "Huyu mkimwondoa, mtaniletea maiti nyumbani."

Kila Mei tunapiga kura kanisani: punje ya hindi maana yake abaki, haragwe maana yake aondoke. Kila mwaka yakatoka mahindi matupu.

Sasa mwaka huo, Jumapili kabla ya kura, mchungaji akahubiri juu ya kiburi. Saa tatu nzima! Akasema mtu anayesifiwa na wote roho yake iko hatarini. Nikamwangalia Barzilai pale mbele, nikamwonea huruma. Nikajiambia, haragwe langu moja halitamwangusha, litamsaidia tu asivimbe kichwa.

Siku ya kura karani akamwaga sanduku mezani. Maharage thelathini na moja. Punje ya hindi moja.

Barzilai alicheka. "Ndugu zangu, mmechanganya. Haragwe ni kuondoka."

"Tunajua," karani akasema, macho chini.

"Nimewakosea nini?"

Tuttle, mwenye kinu, akaropoka: "Mimi niliweka moja tu! Kwa ajili ya roho yake!"

"Hata mimi!"

"We! Na mimi je?"

Jamani! Kumbe kila mtu aliwaza yale yale, kila mtu akawategemea wenzake. Nikapiga kelele turudie kura. Barzilai akakataa. Sheria ya kutorudia kura aliiandika mwenyewe.

"Na hili hindi la nani?" akauliza karani.

Barzilai akawa mwekundu hadi masikioni. "Langu," akasema. "Niliogopa."

Basi hapo ndipo nilipochanganyikiwa zaidi. Kwa hiyo mchungaji alikuwa sahihi? Au sisi ndio tuliomtia hofu? Hata sijui. Tukamchagua Tuttle, ambaye hajui hata kufunga fundo la kamba ya kupimia.

Kesho yake asubuhi Barzilai akaja dukani kwangu, nywele hazijachanwa. Alikuwa ameshapita nyumba kumi na mbili. Kila mlango walimkaribisha, wakamlisha mkate, wengine wakamlilia.

"Ndugu Asahel, niambie wewe. Nani ananichukia?"

"Hakuna."

"Hata mmoja?"

"Hata mmoja, ndugu yangu. Tunakupenda sana."

Akakaa kwenye kigoda cha wateja, mikono yake mikubwa imelegea magotini. Nilitamani aninase kibao, kweli ningefurahi.

"Mngenichukia," akasema, "ningejua pa kuanzia kuomba msamaha."