Siku Niliyoulizwa Kama Nitabaki

Mwanangu, nimekuona saluni ukikariri majibu ya mtihani wa Kiholanzi huku unasuka, na moyo umenipasuka. Siku moja haijanitoka kichwani mpaka leo, basi kaa nikusimulie.

Mume wangu alikuwa ametangulia Rotterdam. Ili nimfuate, kama wewe unavyotaka kumfuata wako, ilinibidi nifaulu mtihani ule ule. Papa Deo, mlinzi wa ghala moja kule Mobeni, alijifunza lugha hiyo utotoni kwa mapadri wa Kibelgiji, akakubali kunifundisha Jumapili baada ya ibada. Alianza na kitenzi kimoja, blijven, kubaki. Ik blijf, jij blijft, wij blijven. Ya jana, ik bleef, nilibaki. Ya jambo lililokwisha, ik ben gebleven, nimebaki. Akasema asili yake ni neno la kale sana la kunata, kama ukoko unavyonata sufuriani.

Mimi ukoko ulinihusu nini?

"Eish, Papa, miye niko na haraka! Unipatie tu majibu."

"Mutoto yangu, unaona haya kusema haujue. Hiyo haya itakufunga."

Nilinuna, sikurudi tena. Nikachukua karatasi ya majibu kwa wanawake wa sokoni Warwick, nikaikariri mpaka nikawa naiota.

Siku ya mtihani niliketishwa mbele ya kompyuta. Sauti ya mashine ikaniuliza: leo utabaki nyumbani au utatoka? Nilisikia blijf, nikajua nalijua neno hilo, lakini maana ilikimbia. Sekunde zinakwenda, sauti hairudii. Nikajibu nililolikariri, kwamba nje kuna mvua na nimevaa koti. Nilianguka, mwanangu, na nilistahili.

Mume wangu alisema atangoja, na kweli alingoja. Mimi kwa aibu nilikaa miaka miwili ndipo nikapiga hodi kwa Papa Deo. Hakunisimanga, alinivutia kiti tu. Nilifaulu, lakini simu niliyopiga Rotterdam kutoa habari njema ilipokelewa na mwanamke mwingine. Ik ben gebleven. Nimebaki hapa mtaani Cato Manor, na nyumba yangu ina kitanda kimoja.

Kwa hiyo itupe karatasi hiyo. Usilolijua, lisemee hapa kwangu, ambako hakuna wa kukucheka, kabla hujaulizwa na asiyekujua. Njoo kesho na daftari, tutaanza na kitenzi kile, blijven. Mungu akufungue kinywa siku hiyo, akufikishe kwa mumeo angali anakungoja.