Nilikwenda Bukavu Kutafuta Dosie ya Mama

Niliondoka Minova kwa sababu dosie ya mama, jalada la kesi yake, ilikuwa imepotea mahakamani mara ya tatu. Mama anadai shamba lake, lililochukuliwa na jirani ambaye ni rafiki wa jaji. Mara mbili alikwenda mwenyewe. Safari hii alinituma mimi binti yake, mwalimu wa Kifaransa, akiamini sarufi inatisha watu.

Alhamisi asubuhi nilipanda boti ya Bukavu. Ziwa lilitulia.

Ijumaa nilifika mahakamani. Karani, mzee mwenye suti safi kuliko ofisi yake, hakuinua macho.

"Maman, dosie iko inatafutwa. Urudie juma yenye inakuya."

"Papa, njo vile vile mulimwambia mama yangu."

"Basi si unaona, hatubadilishake maneno."

Jumamosi nilikuwa Kasha, mtaa wa Bukavu, kwa binamu yangu Bahati, mpiga gitaa wa bendi ya metal, ile roki ya kelele. Wanafanyia mazoezi kwenye karakana ya kuchomelea vyuma; majirani wanasema hawaoni tofauti. Mwimbaji wao ni Mapendo. Jumapili yumo kwenye kwaya ya parokia. Siku nyingine hunguruma kama lori linalopanda mlima. Nilimsimulia habari za karani.

"Usiongeze kitu," alisema. "Maneno yake inatosha."

Saa kumi alasiri wakapiga wimbo walioutunga kwa maneno hayo, mbele ya karakana. Mapendo alinguruma, "Dosie iko inatafutwa!" Vijana waliokusanyika wakajibu, "Iko wapi?" Hasira niliyokuwa nimeimeza kwa heshima ya ualimu ikanitoka yote. Nilipiga kelele mpaka koo likawaka.

Ghafla karani mwenyewe akatokea, amevaa kandambili. Kumbe anakaa nyuma ya karakana na alikuja kulalamikia kelele. Vijana walimtambua, wakamgeukia: "Iko wapi?" Niliogopa watampiga, nikamvuta pembeni.

"Maman, ile ni mimi?"

"Wimbo haina jina, papa."

Alitazama nyuma, kisha akamtaja jaji. "Juge njo aliniambia niifiche." Akanionyesha wanawe kwenye umati. "Batoto bangu bako mule. Bako banaimba."

Jumatatu dosie ilikuwa mezani. Ukurasa wa mipaka ya shamba ulikuwa umechanwa. Karani aliandika kwa mkono wake kwamba ukurasa ulikuwepo, akatia sahihi, akapanga siku ya kesi. Jaji alikuwa chumba cha pili.

Jumanne nilirudi kwa barabara ya Kalehe, mifupa yote ikilia. Jioni nilimsikilizisha mama wimbo niliourekodi kwenye simu.

"Huyu mutoto anaumwa nini?"

"Anaimba kesi yako, mama. Lakini hatujashinda."

"Najua. Sasa mutunge wimbo ya juge."

Bado tunangoja siku ya kesi. Zamani niliwafundisha wanafunzi kwamba barua nzuri hufungua mlango. Tangu Kasha naongeza kwamba wapo wakubwa wasiosikia barua yoyote, mpaka watoto wao waanze kuiimba.