Nyuso Arobaini na Tatu Alizokataa Kuzifuta

Saa mbili asubuhi, chai haijapoa, Mama Giza ameshaanza ubishi na kompyuta.

Kwenye skrini kuna picha ya kijivu ya muuguzi aliyehitimu zamani. Sare nyeupe inaonekana hadi vifungo. Uso ni doa jeusi.

"Huyu ana macho," anasema akigonga kibodi. "Atatuangalia sasa hivi."

Anasafisha picha 611 za chuo cha wauguzi, zitakazotundikwa ukutani Ijumaa. Bosi ameagiza 43 zenye nyuso za giza zifutwe, eti mbovu. Karatasi ya kuidhinisha ufutaji inasubiri sahihi ya Mama Giza tangu Jumatatu. Ameiwekea kikombe juu.

Awali bosi alimtaka aongeze mwanga sawasawa kila mahali. Akajaribu. Sare zikaungua kwa weupe, mikunjo ikapotea, na uso ukawa rangi ya majivu.

"Kila nukta ya picha ina namba. Sifuri ni nyeusi kabisa, 255 nyeupe kabisa," anaeleza. "Naigawa kwa 255, naipa kipeo cha nusu, yaani natafuta kipeuo chake cha pili, nazidisha tena kwa 255. Arobaini inaruka hadi mia na moja. Mia mbili inafika 226 tu. Aliyekaa gizani ndiye anayepanda zaidi, na sare haiharibiki."

Jina la utani, Mama Giza, alilipata siku ya kwanza ya kazi hii. Alisahau kuruhusu desimali kwenye mgawanyo, majibu yakaanguka sifuri, picha zote zikatoka nyeusi tii. Ofisi nzima ilicheka hadi kushika mbavu.

"Wacheke tu. Nakala za asili nilikuwa nazo, nikarekebisha mstari mmoja. Ukishafuta mtu, utamrekebisha wapi?"

Bosi anapita. "Mama Giza, bado hujasaini?"

"Sisaini, bosi. Nifukuze kwanza, halafu futa mwenyewe."

Bosi anaangalia skrini. Uso umeshatokea: macho makali, mdomo unaotaka kucheka. Anakohoa, anaondoka.

Mama Giza anakiri ana uchungu wake. Mama yake mzazi, mkunga mstaafu, yumo kati ya hao 43, na kila siku anapiga simu kuuliza kama yumo ukutani.

"Nimemweka wa mwisho, naogopa kukosea," anasema. "Ijumaa nitamshika mkono hadi pale ukutani, kisha nimwachie. Ajitafute mwenyewe."

Anaigeuza karatasi ya bosi na kuandika nyuma yake: zimebaki nyuso tisa.