Viboko Wanne Chini ya Kompyuta

Kompyuta yangu ya kwanza ya kubeba ilikuwa imestaafu mara moja kabla ya kufika kwangu. Ilitumika katika ofisi moja Nairobi hadi wakaichoka, ikauzwa, ikaja Kisii mjini miaka ile ya mwisho ya tisini, nami nikaipa makao katika chumba changu cha kuchapa barua na kadi za harusi. Jirani zangu wote walikuwa na taipureta. Mimi peke yangu nilikuwa na kioo kinachowaka. Heshima hiyo ilidumu dakika arobaini na mbili kila asubuhi.

Nasema arobaini na mbili kwa sababu nilipima mara mbili. Iliwaka vizuri, ikapata joto upande wa kushoto, ikachora mistari ya kijani. Nilihesabu saba, nikarudia, saba. Kisha kioo kikawa cheupe kama maziwa na kazi ikaishia hapo.

Fundi wangu alikuwa mtu wa redio na televisheni, mwenye meza ya mbao zilizoachana, kwenye ujia ulio nyuma ya duka la Mhindi aliyeniuzia karatasi. Alisema ugonjwa uko kwenye kadi ya picha, kile kipande cha ndani kinachochora kila tunachokiona kiooni. Akachomelea. Dakika arobaini na mbili. Akachomelea tena, akabadilisha na feni. Arobaini na moja. Mara ya tatu niliketi nikamtazama. Skrubu zilitoka kumi na moja, zikarudi tisa. Nilipouliza, alisema watengenezaji huweka za ziada. Nikamwambia sawa, basi anipe hizo za ziada, nazo ni zangu. Akazitoa mfukoni mwa shati.

Ajabu ni kwamba mezani kwake mashine ilifanya kazi kutwa nzima. Yeye akalaumu umeme wa jengo letu, mimi nikalaumu mkono wake.

Wakati huo nilikuwa nimechukua kazi kubwa kuliko zote. Mwalimu mkuu mmoja wa Magwagwa, mama asiyecheka ovyo, alinipa mitihani ya kufunga muhula ya shule yake na shule jirani: karatasi sita, zenye ramani na pembe tatu, zichapwe kwenye stensili, zile karatasi za nta za kurudufishia nakala, kabla ya Ijumaa saa sita mchana. Nikichelewa, alisema, angerudi kwa mtu wake wa taipureta, na shule zote zingemfuata. Alhamisi asubuhi nilikuwa na karatasi moja na nusu.

Mwenye duka, aliyekuwa amesikiliza ugomvi wetu wiki tatu, ndiye aliyemwambia fundi, "Daktari hatibu kwa barua, bwana. Nenda umwone mgonjwa kwake."

Fundi akataka chai vikombe viwili na mandazi matatu. Nikasimama kwenye kikombe kimoja na mandazi mawili. Tulikubaliana chai bila kipimo, kwa kuwa birika ni langu, na mandazi mawili, achague yeye kwanza.

Alipoingia chumbani kwangu hakuwahi hata kuketi, macho yalishika vitambaa vya mashine. Sasa, kwetu kitu cha heshima hakikai uchi. Redio ina kitambaa chake, kochi lina chake, hata thamosi. Mama alipoiona kompyuta mara ya kwanza, alirudi nyumbani akaifumia viwili vya sufi: kimoja kinene cha kukalia, nilichokikunja mara mbili, na kingine cha kuning'inia mgongoni. Kila nilipoenda kwa fundi niliviacha mezani, visichafuke.

Fundi akakinyanyua kile cha chini kwa vidole viwili. Kilikuwa cha moto kama chapati iliyotoka sasa hivi.

"Hili blanketi la nani?"

"La mama."

"Na mama anajua mtoto ana homa?"

Matundu ya kupitishia hewa yalikuwa yamejaa nyuzi nyeupe. Akayasafisha kwa mswaki, akasema mashine iinuliwe ipumue kama mezani kwake. Nikateremka kwa muuza vinyago vya mawe, nikachagua viboko watatu wa kimo kimoja, na baada ya kujifanya naondoka mara mbili nikaongezwa wa nne, aliyevunjika sikio. Tukaiweka mashine juu ya migongo yao. Dakika arobaini na mbili zikapita. Saa mbili zikapita.

Nikiwa kwenye karatasi ya tano, mlango ukafunguliwa. Ilikuwa siku ya soko, na mama alikuwa ametoka soko la Daraja Mbili kuuza ndizi. Akauliza kwa Ekegusii, lugha yetu, ni nani aliyeivua nguo. Fundi akajificha ndani ya kikombe. Sikubishana, nilimpa kile kitambaa kinene, nikamweleza jinsi kilivyokuwa cha moto asubuhi, kisha nikamwomba aguse tumbo la mashine. Akaweka kiganja kama anavyopima mtoto. Tumbo lilikuwa limepoa.

"Endelea na kazi, mwanangu," akasema, akakitia kitambaa kikapuni.

Ijumaa saa tano mwalimu mkuu alizihesabu stensili, akazihesabu tena. Nikampenda hapo hapo. Aliuliza kama viboko walikuja na mashine. Nikasema watatu nilinunua, wa nne nilibembeleza.

Siku ya soko iliyofuata mama alileta kitambaa kipya. Katikati alikuwa ameacha tundu la ukubwa wa sahani ili mashine ipumue, na kwenye pembe nne, vijitundu vinne, kila kiboko na chake.